Kabla hujaongeza pumba, lijue tumbo la ng'ombe wako

Wafugaji wenzangu wa Rungwe, Mbeya vijijini, Njombe na kote huku nyanda za juu, naona watu wanajaza pumba kwenye hori afu wanashangaa maziwa yanashuka, na ng'ombe wanateseka bure, hii inaniuma sana.

Ng'ombe mwenyewe hawezi kumeng'enya nyuzinyuzi za matete wala mabua. Kazi hiyo wanaifanya bakteria na vijidudu vingine vilivyoko kwenye tumbo la kwanza, rumeni, lile la ubavu wa kushoto ambalo kwa ng'ombe mkubwa linabeba kama lita 100 hadi 200. Vinavunja nyuzi, wanga na sukari, vinachachusha bila hewa kama pombe kwenye pipa, gesi anaicheulia nje na kinachobaki ni asidi tatu: asetiki, propioniki na butiriki. Hizo ndo zinampa karibu asilimia 70 ya nguvu zake. Zinanyonywa palepale kwenye ukuta wa rumeni, ule wenye vinyweleo kama taulo ambao kwenye supu ya utumbo unaujua vizuri, zinaingia kwenye damu.

Asetiki inatoka zaidi kwenye majani na ndo inatengeneza mafuta ya maziwa, kwahiyo mteja akilalamika maziwa mepesi angalia majani kwanza. Propioniki inaongezeka ukilisha wanga, kama wa pumba na mahindi, inaenda kwenye ini inageuzwa glukosi, glukosi inatengeneza sukari ya maziwa, na sukari hiyo ndo inavuta maji kwenye kiwele, yaani hapo ndo lita zinapotoka. Butiriki nyingi inabadilishwa kwenye ukuta wa tumbo na kuwa nishati ya mwili. Wanga wa mahindi unaoponyoka rumeni unamalizikia utumbo mwembamba, ila ni sehemu ndogo.

Sasa kulisha. Asubuhi anza na majani, pumba baadaye. Majani yanamfanya acheue, akicheua anamwaga mate, zaidi ya lita 100 kwa siku, na mate yana bikaboneti inayopoza hizo asidi. Usisage majani yakawa unga, katakata urefu wa vidole viwili vitatu inatosha. Matete, gwatemala, desmodiamu, vyote vizuri. Migomba wakati wa kiangazi sawa mpe ila usiihesabu kama chakula kamili, sehemu kubwa ni maji.

Pumba gawa mara mbili tatu kwa siku, kila mara isizidi kilo 2 au 3. Chakula kipya, iwe pumba au viazi, kiongeze polepole kwa wiki mbili maana vijidudu vinahitaji muda kuzoea. Viazi vikatekate visimkabe, vya kijani usimpe kabisa.

Mimi niliwahi kuacha mlango wa stoo wazi usiku, ng'ombe wangu wa uzao wa pili akaingia akala mahindi, asubuhi namkuta kalala, tumbo kimya, hacheui, kinyesi maji matupu yenye harufu ya uchachu. Wanga ukiingia mwingi ghafla bakteria wanatoa asidi ya laktiki, tumbo linachacha kupita kiasi, wale wanaovunja nyuzi wanakufa. Daktari wa mifugo alimuokoa lakini maziwa hayakurudi kama zamani uzao ule wote. Ukiona hivyo usisubiri jioni, piga simu saa hiyohiyo.

Kila siku kagua hivi: ng'ombe wakiwa wamelala wametulia, nusu yao au zaidi wawe wanacheua, kila donge walitafune mara 50 hadi 70. Weka ngumi kwenye shimo la ubavu wa kushoto, ndani ya dakika 2 usikie tumbo linajisukuma mara 2 mpaka 4. Punje nzima nzima kwenye kinyesi maana yake mahindi hayajavunjwa vizuri, yapasue zaidi.

Na ng'ombe aliyekaushwa, yaani aliyeachwa kukamuliwa kwa kuwa anakaribia kuzaa, usimsahau: vile vinyweleo vya ukuta hufupika akiwa anakula majani tu, na vinachukua wiki kadhaa kukua tena, kwahiyo wiki 3 kabla hajazaa anza kumpa pumba kidogo, nusu kilo kwanza afu unapanda taratibu.