Mtoto Akisuasua Shuleni Marekani, Mzazi Andika Barua

Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba mwalimu ndiye mwenye kauli, na mzazi akiitwa shuleni basi mtoto ameharibu. Marekani mambo ni tofauti. Ukikaa kimya kwa heshima, shule itadhani umeridhika, na mtoto atapanda darasa baada ya darasa bila msaada ambao ni haki yake.

Haki hiyo iko kwenye IDEA, sheria ya elimu ya wenye ulemavu, yenye mizizi mwaka 1975. Inazitaka shule za umma kumpa mtoto mwenye ulemavu, kuanzia miaka 3 hadi 21, elimu inayomfaa bila malipo. Ulemavu unaozungumziwa ni pamoja na ugumu wa kusoma, matatizo ya kuongea na usonji. Kutokuwa na vibali vya uhamiaji hakumzuii mtoto kusoma shule ya umma. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 1982.

Maneno ya mlangoni wakati wa kumchukua mtoto hayatoshi. Mwandikie mwalimu mkuu barua pepe. Hata kama Kiingereza chako ni cha kuombea maji, sentensi tatu zinatosha: jina na darasa la mtoto, kinachomshinda, na kwamba unaomba afanyiwe tathmini ya elimu maalumu. Tunza nakala yenye tarehe. Shule ikikubali, itakupa fomu ya ridhaa. Ukishasaini, sheria ya shirikisho inaweka siku 60 za kukamilisha tathmini, isipokuwa jimbo lako lina muda wake. Shule ikikataa, lazima ikueleze sababu kwa maandishi.

Penye utata zaidi ni lugha. Utaambiwa, “Tusubiri, bado anajifunza Kiingereza.” Huenda ni kweli, ila mwenye kujua Kiswahili cha mtoto ni wewe. Akirudi nyumbani, anakusimulia ugomvi wa uwanjani ukaelewa nani alianza? Ukimtuma jikoni alete kijiko, sufuria na chumvi, anarudi navyo vyote? Kama ndiyo, pengine shida ni Kiingereza tu. Kama hata kwa Kiswahili alichelewa kusema, au ukimtuma vitu viwili anasahau kimoja, waeleze walimu kwa mifano hiyohiyo. Tathmini inatakiwa ifanywe kwa lugha ya mtoto kila inapowezekana, na hawezi kuhesabiwa mlemavu kwa sababu tu hajui Kiingereza. Vilevile, kuwa kwenye darasa la Kiingereza hakumnyimi elimu maalumu. Anaweza kupata vyote viwili. Familia za Kongo zinazosema Kibembe au Kinyamulenge nyumbani ziandike lugha hiyo kwenye fomu, si Kiswahili peke yake.

Akionekana anastahili, ndani ya siku 30 mtaitwa kwenye mkutano wa kuandaa mpango wake, wenyewe wanauita IEP. Mkalimani ni jukumu la shule, bila malipo, na asiwe dada yake mkubwa. Omba mapema, na useme ni Kiswahili cha wapi, maana cha Bukavu na cha Dar es Salaam vinaweza kupishana.

Wewe ni mjumbe kamili wa kikao hicho. “Atasaidiwa kusoma” si mpango. Dai iandikwe atasaidiwa na nani, dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, na ndani ya darasa au nje. Hujaelewa? Usisaini, nenda na mpango huo nyumbani. Huduma hazianzi bila ridhaa yako, na ukibadili mawazo unaweza kuiondoa kwa maandishi, kwa hiyo hofu ya kwamba mtoto atapachikwa jina maisha yake yote isikuzuie kuomba.

Mpango hupitiwa angalau mara moja kwa mwaka, lakini unaweza kuomba kikao wakati wowote. Usipokubaliana na tathmini ya shule, omba tathmini huru kwa gharama ya wilaya ya shule. Wakikataa kulipa, ni wao wanaopaswa kufungua shauri kuitetea ya kwao. Kila jimbo lina kituo cha kuwasaidia wazazi kinachogharamiwa na serikali kuu, na huduma zake ni bure. Uliza cha jimbo lako kabla ya kikao cha kwanza.