Namna ya Kuandika Wasifu wa Jaji wa Marekani wa Karne ya 19: Mfano wa David Davis

Wasifu mwingi wa majaji hawa hufuata mlolongo mmoja: alizaliwa, akawa wakili, akaingia bungeni, akawa jaji, akafariki. Vyeo vimetungwa kama shanga uzini, mtu mwenyewe haonekani. Mimi huandika wasifu wa namna hii, na nitakueleza ninavyofanya kwa kumtumia David Davis wa Illinois.

Tarehe zimalize mapema. Davis alizaliwa Maryland mwaka 1815, akahitimu Kenyon College, Ohio, mwaka 1832, kisha akajifunza sheria katika ofisi ya wakili huko Lenox, Massachusetts. Zama hizo shahada ya sheria haikuwa lazima. Kijana alikaa kwa wakili, akanakili hati, akasoma vitabu vya mwenyeji wake, halafu akapimwa na kupewa leseni. Kwa hiyo ukikuta pameandikwa "alisomea sheria", tafuta alisomea kwa nani.

Baada ya hapo fuata riziki yake. Sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza kutaja kila mtu huru katika kaya, pamoja na kazi yake na thamani ya ardhi aliyomiliki. Hili lina uzito kwa Davis, maana utajiri wake ulitokana na ardhi, si mshahara wa ujaji. Hati za ardhi na majalada ya mirathi zitafute kwenye kaunti alikoishi kabla hujakimbilia Washington. Vitabu vya historia za kaunti vya miaka ya 1870 na 1880 visome kwa tahadhari: mara nyingi waliosifiwa humo ndio waliochangia gharama za kuvichapa. Magazeti nayo yalikuwa ya vyama, basi soma la kila upande.

Sasa tulia kwenye kazi yenyewe. Katiba mpya ya Illinois ya 1848 iliwapa wananchi haki ya kuchagua majaji, na Davis, aliyekwisha kuwa mbunge wa jimbo na mjumbe wa mkutano uliotunga katiba hiyo, akachaguliwa kuongoza Mzunguko wa Nane, yaani kundi la kaunti ambazo jaji mmoja alizitembelea kusikiliza kesi. Kuna wakati mzunguko huo ulikuwa na kaunti 14. Alizizungukia kwa gari la farasi kila machipuko na kila vuli, huku mawakili wakifuatana naye, Abraham Lincoln akiwa mmojawao. Kwenye nyumba za wageni mawakili walilala wawili wawili kitanda kimoja. Davis, kwa ukubwa wa mwili wake, alipewa cha peke yake. Barua alizomwandikia mkewe Sarah zimejaa malalamiko ya matope na chakula kibaya. Chora ramani ya kaunti hizo, kisha soma barua ukiwa nayo mkononi. Hapo ndipo utaelewa urafiki uliomfanya asimamie kampeni ya Lincoln ya kugombea urais kwenye mkutano wa chama cha Republican mjini Chicago mwaka 1860, na kwa nini Lincoln, akiwa rais, alimteua Mahakama ya Juu mwaka 1862.

Halafu tafuta hukumu iliyomgharimu. Kwa Davis ni kesi ya Milligan ya mwaka 1866. Serikali ya Lincoln ilikuwa imemshtaki raia wa Indiana mbele ya mahakama ya kijeshi, naye akahukumiwa kunyongwa. Davis, rafiki wa Lincoln, aliyekuwa marehemu wakati huo, na msimamizi wa mirathi yake, ndiye aliyeandika kwamba raia hawezi kuhukumiwa na wanajeshi mahali ambapo mahakama za kiraia ziko wazi. Isome hukumu yote, usitosheke na muhtasari.

Mwisho, kagua kila mahali alipohama cheo. Mwaka 1877 ilitarajiwa kwamba Davis, asiyefungamana na chama, angekuwa mtu wa 15, mwenye kura ya kuamua, katika tume ya kumaliza mgogoro wa uchaguzi wa rais, kwa kuwa wajumbe wengine 14 waligawanyika sawa kati ya vyama viwili. Bunge la Illinois likamchagua useneta, naye hakuingia kwenye tume. Nafasi hiyo akapewa Jaji Joseph Bradley, na Rutherford Hayes akapata urais kwa kura 8 dhidi ya 7. Ukiandika tu "alijiuzulu akawa seneta", msomaji wako hatajua lolote kati ya hayo.