Kuondoa ukungu bafuni kwa nyumba za Pwani

Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, masika yakiingia ukungu hutoka bafuni hata kwa mtu msafi. Kuusugua ni kazi ya nusu saa. Kazi kubwa ni kuuzuia usirudi, nayo huanza kwa kujua maji yanatoka wapi.

1. Hakikisha ni ukungu
Dondoshea maji kidogo. Unga mweupe ukiyeyuka, hiyo ni chumvi, hasa kwenye kuta za mawe ya matumbawe au zilizojengwa kwa mchanga wa bahari. Klorini haitaisaidia.

2. Pima ukuta
Kata nailoni ya sentimita 50 kwa 50, ibandike ukutani penye rangi, juu ya pale marumaru yanapoishia, pakiwa pakavu. Ziba pande zote nne kwa selotepu, kisha subiri saa 24. Matone yakiwa upande wa ukutani, ukuta wenyewe umebeba maji: bomba linavuja ndani, grauti (saruji ya kujazia kati ya marumaru) imepasuka, au maji yanapanda kutoka kwenye msingi. Mwite fundi bomba kabla ya kununua dawa yoyote. Matone yakiwa upande wa chumbani tu, tatizo ni mvuke usio na pa kutokea.

3. Ua ukungu
Mwenye pumu asifanye kazi hii. Vaa glavu na barakoa, fungua dirisha, na usisugue pakavu maana vumbi lake huruka hewani. Osha kwanza kwa sabuni na usuuze, kwani uchafu huimaliza klorini nguvu. Changanya kikombe 1 cha klorini ya dukani (ya asilimia 3.5 hivi) na vikombe 9 vya maji baridi, maji ya moto huiharibu. Paka, acha dakika 15, sugua grauti kwa mswaki mkuukuu, suuza, kausha.

Kamwe usiichanganye na siki, ndimu, amonia wala dawa ya choo yenye asidi. Gesi inayotoka huumiza mapafu, na bafu ni dogo.

Silikoni (gundi ya mpira ya kuzibia maungio) iliyoingia weusi ndani haitakati: ikate kwa wembe, acha pakauke siku nzima, weka mpya, na usiiloweshe kwa saa 24. Dari ya jipsamu iliyolainika nayo ikatwe. Klorini huishia juu juu.

4. Toa mvuke
Feni ya kutoa hewa ya milimita 100 inatosha bafu la kawaida, ila bomba lake lifike nje. Mafundi wengi hulikomesha juu ya dari, mvuke ukaozesha mbao za paa. Iache izunguke dakika 20 hadi 30 baada ya kuoga, na chini ya mlango pawe na upenyo wa sentimita 1 hadi 2. Bila hewa ya kuingia, feni hupiga kelele tu. Wakati wa masika dirisha pekee halitoshi, kwa kuwa hata hewa ya nje imejaa unyevu. Kwa hiyo kila ukimaliza kuoga, vuta maji ukutani na sakafuni kwa mpira wa kukaushia. Ni dakika 2, na hakuna dawa inayoushinda. Taulo zianikwe nje.

5. Rangi iwe mwisho
Rudia kipimo cha nailoni. Ukuta ukiwa bado na maji, rangi itabanduka. Kuta za kale za mawe na chokaa zisipakwe rangi ya mafuta wala plasta ya saruji: unyevu wake hutokea usoni, na ukizibwa hapo hupanda juu zaidi. Zipake chokaa.