Namna ya Kumfikisha Mgeni kwa Kipunji, Mlima Rungwe

Wageni wengi wanaokuja Rungwe wanataka kilele tu. Mimi huwashawishi wamtafute kipunji kwanza, kwa sababu nyani huyu yupo Tanzania peke yake, na wengi wao wako kwenye misitu yetu hii ya Rungwe na Livingstone. Vijana mnaoanza kazi hii, fuateni utaratibu huu.

1. Kibali. Mlima uko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia, chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Lipa, chukua risiti, omba askari wa hifadhi. Njia za panya zinatuharibia kazi sote. Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba. Mvua zikianza Novemba, njia ni utelezi mtupu.

2. Mkague mgeni. Buti, koti la mvua, sweta, suruali iliyochomekwa kwenye soksi kwa ajili ya siafu. Mwenye mafua au kikohozi abaki mjini Tukuyu mpaka apone. Hapo msione haya: magonjwa ya binadamu huwapata nyani pia.

3. Kaeni msikilize. Hapa ndipo waongozaji wengi wanapokosea: wanatembea mno. Ingieni msituni alfajiri, mkae, mnyamaze. Mbega ataanza kwa kuunguruma, bonde zima linaitika. Huyo siye. Kipunji anabweka kwa sauti nzito ya puani, kifupi kifupi, kisha kimya. Usikimbilie sauti ya kwanza. Subiri ya pili ujue kundi linaelekea wapi, maana wakila wanahama taratibu mti kwa mti.

4. Watokeeni kwa juu. Ukiwaendea kutoka bondeni mgeni ataona matumbo na majani. Zunguka, panda mgongo wa mlima. Kwenye mteremko mkali vilele vya miti ya chini vinakuwa sawasawa na macho yake. Mwongozaji tangulia, mgeni akanyage ulipokanyaga, kila mtu azime simu.

5. Hakikisha ni yeye. Kima wapo humu humu na wanawachanganya wengi. Kipunji ana uso mweusi, manyoya marefu ya kahawia, kiduku kilichosimama kichwani, na mkia unaogeuka mweupe kuelekea ncha. Mweleze mgeni kwamba watafiti walimfuata mwaka 2003 kwa masimulizi ya wawindaji wa Kinyakyusa, wakamtangaza duniani 2005. Heshima hiyo ni ya wazee wetu, itajeni.

Msiwape chakula, msipige mluzi wageuke. Wakianza kubweka wakiwatazama ninyi, rudini nyuma.

6. Kugeuka. Saa saba mchana anzeni kushuka, mmemwona hamjamwona. Ukungu ukifunga kwenye mianzi hata mwenyeji anapotea. Mwambie mgeni habari hiyo kabla hajalipa.

Mkikuta mtego wa waya njiani, mwonyesheni askari mahali penyewe siku hiyo hiyo, autegue na kuuandika.