Jinsi ya kujionea mwenyewe kwa nini kuna majira (tochi, mpira na kijiti vinatosha)

Ukimuuliza mtu kwa nini kuna miezi ya joto na miezi ya baridi, wengi watakwambia dunia ikisogea karibu na jua joto linapanda, ikienda mbali baridi inaingia. Inaingia akilini kweli, maana hata moto ukiusogelea unakuchoma, lakini sio hivyo, na kabla hujashika tochi angalia kwanza hili: dunia inakuwa karibu zaidi na jua mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, na inakuwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kama kilomita milioni 152. Sasa Januari hiyohiyo Kanada wako kwenye theluji na Australia wanaungua na jua. Ingekuwa ni umbali si dunia nzima ingepata joto kwa pamoja? Kwa hiyo umbali tuuweke pembeni.

Anza na tochi. Chukua daftari la hesabu, lile lenye vijumba, zima taa, afu mulika karatasi kutoka juu, tochi ikiwa imesimama wima. Chora mstari kuzunguka duara la mwanga na uhesabu vijumba vilivyomo ndani. Halafu inamisha tochi mpaka mwanga uje kwa ubavu, kama nyuzi 30 kutoka kwenye karatasi, umbali usiubadilishe, chora tena na uhesabu tena. Duara limekuwa yai refu na vijumba vimeongezeka kama mara mbili hivi, na ukiangalia vizuri mwanga wenyewe umefifia. Tochi ni ileile, betri ileile, ila sasa mwanga uleule umegawanywa kwa eneo kubwa zaidi kwa hiyo kila kijumba kinapata kidogo. Hapa usipite haraka, rudia hata mara tatu, kwa sababu hiki ndo kiini cha jambo zima: jua la utosini linakusanya joto lake sehemu ndogo, jua lililolala linalitawanya.

Sasa kwa nini jua lilale miezi fulani na lisimame miezi mingine? Hapo ndo tunahitaji mpira.

Tafuta mpira laini unaoweza kupitisha kijiti katikati, udongo uliofinyangwa ukawa duara nao unafaa kabisa. Kijiti ndo mhimili wa dunia. Chora mstari kiunoni, hiyo ni ikweta, afu weka nukta moja katikati ya ikweta na ncha ya juu. Weka taa ya balbu isiyofunikwa mezani katikati ya chumba, zima nyingine zote, na mpira uushike usawa wa balbu.

Kijiti kisisimame wima. Mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23.4, na kama huna kipimapembe kunja kona ya karatasi katikati, utapata 45, kunja tena utapata 22.5, inatosha sana kwa kazi hii. Inamisha kijiti kwa kiasi hicho kuelekea ukuta mmoja, na hapa naomba uwe makini kuliko popote: utazunguka taa ukiwa na huo mpira, lakini kijiti kiendelee kuelekea ukuta uleule muda wote. Wengi wanapokosea ni hapa, wanakigeuza kijiti kiwe kinaitazama taa kila wanapofika, na wakifanya hivyo majira hayapo tena, inabaki hali moja tu mwaka mzima. Dunia yenyewe haifanyi hivyo, mhimili wake unaelekea karibu kabisa na nyota ya kaskazini, mwezi wa kwanza mpaka wa kumi na mbili.

Simama pale ambapo ncha ya juu imeinamia taa. Zungusha mpira taratibu uifuate ile nukta kwa macho, utaona inakaa kwenye mwanga muda mrefu na gizani inapita haraka, na mwanga unaipiga karibu na utosini. Huo ni Juni, tarehe 20 au 21. Nenda upande wa pili wa taa, ncha ya juu sasa imeipa taa mgongo, nukta ileile inakaa gizani muda mrefu na mwanga unaipata kwa ubavu, hiyo ni Desemba 21 au 22. Chini ya ikweta mambo ni kinyume, weka nukta ya pili uone. Zile sehemu mbili za katikati ni Machi na Septemba, pale mchana na usiku vinakaribia kulingana kila mahali.

Kwa hiyo vitu viwili vinakuja pamoja, pembe ya jua na urefu wa mchana. Hesabu yake ni rahisi: kujua jua la adhuhuri la Juni liko nyuzi ngapi juu ya upeo wa macho chukua 90, toa latitudo yako (nyuzi zako kutoka ikweta), jumlisha 23.4, na kwa Desemba toa 23.4 badala ya kujumlisha (hii ni kwa walio kaskazini ya tropiki, yaani mstari wa nyuzi 23.4 kaskazini ya ikweta). Mtu wa latitudo 50 anapata jua la nyuzi 63 Juni na chini ya 17 Desemba, maana yake kila mita mraba ya ardhi inapokea adhuhuri ya Desemba kama theluthi moja tu ya ilichopata Juni, na mchana wenyewe umeshuka kutoka saa kama 16 mpaka 8. Hapo ardhi itapataje joto?

Ukitaka kulipima jua lenyewe simika kijiti cha mita moja wima sehemu tambarare, weka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi kuzunguka adhuhuri, na kile kifupi kuliko vyote ndo cha kuandika. Kivuli kikilingana na kijiti jua liko nyuzi 45. Fanya mara moja kwa wiki, hata miezi mitatu tu inatosha kuona kinavyosogea. Kwa yule wa latitudo 50 kitatoka nusu mita Juni mpaka zaidi ya mita tatu Desemba.

Usishangae ukiona joto kali linakuja wiki kadhaa baada ya jua kufika juu kabisa, bahari na ardhi zinachelewa kupata joto na zinachelewa kupoa.

Na kama uko kati ya tropiki mbili, ile ya kaskazini na mwenzake wa nyuzi 23.4 kusini, kijiti chako kitakuonyesha kitu ambacho wa mbali hawakipati kamwe. Jua la adhuhuri haliendi chini sana, pale ikweta linashuka mpaka nyuzi 66.6 tu, ndo maana huko majira watu wanayataja zaidi kwa mvua kuliko kwa baridi, na ukanda wa mvua wenyewe unalifuata jua likipanda kaskazini na kushuka kusini. Kivuli cha adhuhuri kitakuwa upande mmoja kwa miezi kadhaa, kitafupika, kitahamia upande wa pili, na siku mbili kwa mwaka kitapotea kabisa chini ya kijiti.