NAS imekufa na video zote ziko ndani? Izime kwanza

Jamaa wa studio huko Majengo alinipigia saa nne usiku, NAS yake (kile kisanduku cha kuweka faili kwa mtandao) ya diski nne yalia pii pii haikomi na folda za harusi za msimu mzima hazionekani, na swali lake la kwanza likawa "fundi, nibonyeze repair?" Nkamwambia usibonyeze chochote, zima, chomoa kwa soketi, ntakuja asubuhi. Na wewe kama yako ingali yawaka saa hii, nenda kaizime alafu urudi kusoma.

Iko hivi. RAID ni mpango wa kuunga diski kadhaa zifanye kazi kama moja. RAID 5 yavumilia diski moja tu kufa, RAID 6 mbili, RAID 0 haivumilii hata moja. Sasa wengi hawajui ile ya kwanza ilikufa lini, taa ilikua nyekundu tangu kabla ya Ramadhani na mtu akaifunika kwa kitambaa isimsumbue, ya pili ikitoka ndo anashtuka. Na ukitia diski mpya ukabonyeza rebuild (yaani ijengewe upya data ya ile iliyokufa), zile zilizobaki zinasomwa mwanzo hadi mwisho masaa kwa masaa, na kwa kuwa mara nyingi zilinunuliwa siku moja na zimezeeka pamoja, hio kazi ndo huzimaliza. Sijaona diski nyingi zilizouliwa na uzee peke yake, nyingi ziliuliwa na mwenyewe kwa haraka.

Chukua maka, andika namba kwa kila diski kulingana na tundu lake kabla hujatoa hata moja, piga na picha. Angalia zile pini pia, hapa kwetu hewa ya chumvi yala kila kitu, kuna siku tatizo lote huwa ni kutu kidogo kwa kiunganishi na diski yenyewe ni nzima. Alafu zichomeke kwa kompyuta ya mezani iliyowashwa na Linux ya flash. Sio Windows tafadhali, Windows ikiona diski haiielewi yakuuliza kama uifomati, na mkono huteleza.

Andika `lsblk` uone majina, kisha `sudo smartctl -a /dev/sdb` kwa kila moja, hio ndo ripoti ya afya ya diski. Tazama Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, zikiwa sifuri una bahati, zikiwa mamia diski ni mgonjwa. UDMA_CRC_Error_Count ikipanda peke yake, shuku kebo kwanza.

Ukiskia diski yapiga tik tik tik, basi hapo kazi yako imeisha, hio ni ya watu wenye chumba kisicho na vumbi. Usiifungue. Na kuna mtu atakwambia uifunge kwa mfuko uiweke friza, wallahi kwa unyevu wa Mombasa ukiitoa itatoka jasho kama chupa ya soda, na hayo maji yako juu ya sahani ya data.

Zilizobaki, kopi kila moja nzima nzima kabla ya kujaribu lolote:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sdb diski1.img diski1.map`

Mwanzo diski mgonjwa, mwisho kopi, ukigeuza umejimaliza. Hio -n yaruka sehemu mbaya ichukue rahisi kwanza, baadaye rudia amri ileile na -r3 badala ya -n ihangaike na zilizobaki. Faili ya map ndo roho yako, stima ikipotea (na itapotea) yaendelea palepale ilipoachia. Diski ya 4TB ikisoma megabaiti 120 kwa sekunde ni masaa tisa na ushei, ikiwa mgonjwa ni siku kadhaa, so tafuta UPS. Mahali pa kuweka pasiwe FAT32, faili yake haipiti 4GB.

Baada ya hapo diski za asili weka kabatini, fanya kazi na kopi tu. NAS nyingi za nyumbani na ofisi ndogo ndani ni Linux na mdadm (programu inayounga RAID), kwahivyo `sudo losetup -fP --show diski1.img` kwa kila kopi ili ionekane kama diski, alafu `sudo mdadm --examine` kwa ile partishoni kubwa kuliko zote. Tafuta mstari wa Events, hio ni hesabu ya mabadiliko, iliyo nyuma ndo iliyotoka mapema. Hapa ndo utamu: kwa yule jamaa diski ya pili ilikua nyuma sana, yaani ilitoka kitambo na data yake ni ya zamani, ya nne ilikua nyuma kidogo tu. Ile ya kitambo nkaiacha kabisa, ukiichanganya utapata mchafuko, nkaunga 1, 3 na 4:

`sudo mdadm --assemble --force --readonly /dev/md100 /dev/loop0p3 /dev/loop2p3 /dev/loop3p3`

Namba za loop na p zako zaweza kua tofauti. Hio --force huandika kidogo, ndo maana twafanyia kopi. Na mtu akikwambia utumie --create, mkimbie.

Kukiwa na LVM (tabaka la kugawa nafasi) juu yake, `sudo vgchange -ay`. Kisha mount na `-o ro,noload` kama mfumo wa faili ni ext4. Btrfs ikikataa ku-mount jaribu `btrfs restore`. Yote yakigoma, UFS Explorer au R-Studio huweza kuipanga RAID zenyewe, na wakuonyesha faili kabla hujalipa.

Usitosheke na kuona majina ya folda, fungua video, ruka katikati, ruka mwisho. Sisi tulipata karibu zote, moja ilikatika bi harusi akiwa ndo kwanza aingia ukumbini. Bahati simu ya khalati yake ilikua imerekodi hapohapo, imetikisika lakini ipo.