Kundi moja, viwango vinne: nianzavyo kuchagua kituo cha skii

Wifi yangu aliwahi kuteremka mlima kwa miguu, skii (zile mbao mbili ndefu za kutelezea kwenye theluji) begani, kwa karibu saa mbili, huku amevaa buti za skii ambazo hata kuvuka sebule nazo ni kazi. Kosa lilikuwa langu. Nilichagua kituo kwa kuhesabu kilomita za njia za kutelezea, nikaona zinatosha watu wote, nikalipa. Sikuona kwamba njia nyepesi zote zilikuwa juu mlimani, na ya kurudi kijijini ilikuwa moja tu, nyekundu, yaani ngumu, ambayo ikifika saa kumi jioni inakuwa barafu tupu iliyokwanguliwa na watu wa kutwa nzima. Lifti ya viti vinavyoning'inia kwenye waya, iliyotupandisha, haikuwa ikishusha abiria. Kwa ufupi, nilinunua mbuzi kwenye gunia.

Siku hizi nikifungua ramani ya njia, naanza kwa kidole. Nakiweka kijijini, namfuata aliye dhaifu kuliko wote: asubuhi anapanda na nini, mchana anateleza wapi, jioni anarudije. Kidole kikikwama popote, kituo hicho nakiacha, hata kiwe na sifa kiasi gani. Wale mahodari hawanisumbui. Mtu wa njia nyeusi, zile ngumu kuliko zote, akipelekwa mlima mpole atanung'unika siku mbili, kisha atajitafutia vichaka vyake. Anayeanza akipelekwa mlima mkali, hana pa kwenda.

Kabla ya ramani lakini, wajue watu wako. Usimuulize mtu kama anajua kuteleza. Kila mmoja atakujibu "kiasi". Mimi nauliza mambo mawili: jumla umeteleza siku ngapi maishani, na njia ya rangi gani unashuka bila kusimama kila baada ya kona? Mume wangu alijiita hodari kwa miaka, mpaka nilipomhesabia nikapata siku kumi na moja. Aliyeteleza wiki moja miaka kumi iliyopita mwandike kwenye orodha ya wanaoanza, na usimwambie.

Rangi za njia, ambazo huonyesha ugumu wake, nazo zina hila; hapa nazitaja kuanzia nyepesi hadi ngumu. Marekani na Kanada kuna duara la kijani, mraba wa buluu, almasi nyeusi, na almasi mbili kwa walioshiba ujasiri. Ufaransa huanza na kijani, kisha buluu, nyekundu, nyeusi. Ukienda Austria au Italia, kwa kawaida kijani hukioni: buluu ndiyo ya chini kabisa. Na kila kituo hupima njia zake kwa kuzilinganisha na mlima wake wenyewe. St. Anton ya Austria inajulikana kwa hilo. Buluu zake kadhaa kwingine zingepakwa nyekundu. Ni mlima mzuri sana, lakini mtu wa siku ya tatu simpeleki.

Ninachokitafuta ni mahali ambapo wepesi na ugumu vinakaa karibu, vinakutana kwenye lifti zilezile. Alpe d'Huez, Ufaransa, ni mfano wangu wa kwanza kila nikiulizwa. Juu kidogo tu ya kijiji kuna uwanja mpana wa njia za kijani, na kutoka kilele cha Pic Blanc, mita 3,330, inashuka Sarenne, njia nyeusi ya kilomita 16. Mmoja anajifunza kusimama, mwingine anatetemeka magoti kule juu, na mchana wanakula meza moja. Whistler Blackcomb, Kanada, inafanya hivyo kwa namna yake: milima yote miwili ina njia za kijani zinazoanzia juu, kwa hiyo anayeanza naye anaona mandhari. Tangu 2008 gondola (vibanda vinavyoning'inia kwenye waya) ya Peak 2 Peak, yenye urefu wa kilomita 4.4, imeiunganisha, kwa hiyo kukutana si mtihani.

Chamonix, Ufaransa, ni kinyume chake. Jina kubwa, na mahodari wanaota Vallée Blanche, mteremko mrefu wa kwenye barafu ya mlimani, usiku na mchana, lakini maeneo yake yametapakaa bondeni na mengine unayafikia kwa basi. Kundi la viwango vinne linaachana asubuhi, linaonana wakati wa chakula cha usiku. Kama hilo halikusumbui, nenda. Sisi tulikuwa na watoto.

Walio katikati, yaani wanaoshuka buluu bila woga na nyekundu kwa dua, mara nyingi husahaulika, na ndio wengi. Hawa wanapenda safari, waone wamefika mahali. Mzunguko wa Sella Ronda katika milima ya Dolomites, Italia, umewakaa vizuri: unazunguka mlima mzima kwa lifti na njia ambazo nyingi ni za buluu na nyekundu, unavuka mapito manne ya milimani. Angalizo moja tu, na ni zito: lifti za mwisho hufungwa. Ukichelewa unajikuta bonde lisilo lako, na teksi ya kukuzungusha hadi nyumbani itakukumbusha kuangalia saa.

Kuna mwenye snoubodi, yaani anayeteleza kwa ubao mmoja mpana, kwenye kundi? Muulize mapema, kwani vituo vya Alta na Deer Valley vya Utah, pamoja na Mad River Glen ya Vermont, Marekani, haviruhusu snoubodi kabisa. Kwingineko, tazama kama kuna lifti nyingi za kukokota, zile zinazokuvuta kwa fimbo ukiwa umesimama. Aliye kwenye ubao huzichukia. Vivyo hivyo njia ndefu zilizo tambarare. Mwenye skii anasukuma kwa fimbo zake, wa ubao anavua mguu mmoja na kuchechemea.

Na asiyeteleza kabisa ni mwanakundi kamili. Mama mkwe wangu anapenda theluji ya kutazama tu, basi nauliza kama lifti zinapandisha watembea kwa miguu na kama huko juu kuna pa kukaa. Zermatt, Uswisi, inampendeza mtu kama huyu: treni ya Gornergrat inampeleka hadi mita 3,089 akiwa na viatu vyake vya kawaida, na kijiji chenyewe hakiruhusu magari ya petroli.

Kwenye tiketi, usimnunulie anayeanza pasi ya eneo zima. Siku mbili tatu za kwanza atakaa kwenye mkeka unaotembea na lifti fupi, na vituo vingi vina tiketi ndogo kwa ajili hiyo. Vingine havitozi kitu kwa lifti za wanaojifunza. Fedha hiyo ilipe kwa mwalimu. Usimfundishe mkeo wala mumeo, utaharibu likizo ya watu wawili.

Malazi yakitangazwa kuwa yapo "kando ya njia", uliza njia yenyewe ni ya rangi gani. Nyumba iliyo ukingoni mwa njia nyekundu, kwa wifi yangu, ni kama iko kilomita kumi kutoka hapo.

Mwisho, kabla ya kulipa, naandikia ofisi ya kituo maswali matatu. Je, lifti inayotoka kijijini inashusha watu pia, au inapandisha tu? Ya mwisho kushuka ni saa ngapi? Theluji ya njia ya kurudi ikiisha, watu wanarudije? Wakijibu kwa kunitumia picha ya machweo, naendelea kutafuta.